Mteja si Mfalme Mlimani

Siku niliyomwambia Cucu kwamba nimepata kazi ya "gaidi" mlimani, aliweka kikombe cha chai chini akaniuliza kama polisi wanajua. Ilibidi nimweleze kwamba si gaidi wa bunduki, ni wale wanaoongoza watalii kupanda Mlima Kenya. Hapa Naro Moru sote tunalitamka hilo neno la Kizungu vivyo hivyo, na mzaha wake ni mkongwe kuniliko. Cucu alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akauliza, "Na wakikataa kukusikiza, utawafanya nini?"

Nilidhani ni swali la mtu asiyejua kazi yenyewe. Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa sababu karo ilikuwa imenishinda, na mjomba wangu, ambaye ameongoza watu mlimani tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amenitafutia nafasi ya mpagazi, kisha ya msaidizi wake. Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu. Leo naweza kumjibu Cucu: wakikataa kutusikiza, hatuwafanyi kitu. Tunabeba mizigo yao tunawafuata.

Hilo ndilo ninalolipinga hapa. Tumempa mwongozaji jukumu la uhai wa watu, halafu tukamnyima uwezo wa kusema hapana. Na tukishamaliza tunasema mlima ni hatari.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina hisia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Banda la Old Moses, kwenye njia ya Sirimon, liko mita 3,300. Shipton's iko mita 4,200. Point Lenana, kilele ambacho sisi tusio na kamba za kupandia miamba tunaweza kukifikia, ni mita 4,985. Batian na Nelion, zenye mita 5,199 na 5,188, tuwaachie wenye kamba zao. Madaktari wanaohusika na afya ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa mkupuo.

Sasa soma tangazo lolote la safari ya wikendi. Ijumaa alfajiri kutoka Nairobi, Ijumaa usiku Old Moses, Jumamosi usiku Shipton's, Jumapili saa tisa usiku tochi kichwani mnaanza kupanda Lenana. Jumapili jioni mko kwa gari. Jumatatu uko kazini na picha zimeshafika kila mahali. Zaidi ya mita 3,000 kwa siku mbili.

Pale Lenana, kila pumzi unayovuta inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unadai siku zake, na siku ndizo hazimo kwenye tangazo. Wengi wataumwa kichwa, watakosa hamu ya kula, watatapika kidogo na kupona. Wachache, maji yatajaa kwenye mapafu au ubongo utavimba. Hapo dawa ya kutegemea ni kushuka, na kushuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kuna baridi. Ajabu ni kwamba hii biashara yetu imechapisha "pole pole" kwenye fulana na vikombe, tunawaimbia wageni neno hilo kutoka getini, halafu tunawauzia mlima wa siku tano kwa siku tatu.

Niwape kisa changu, na nitakisema pamoja na aibu yake.

Lilikuwa kundi la watu sita wa ofisi moja ya Nairobi. Walikuwa wamekuja kujenga umoja wa kazini, kama wanavyosema. Mkubwa wa idara alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, mcheshi, mwenye mkono uliofunguka. Kwenye geti alitununulia wapagazi wote soda. Akasema tukimfikisha Lenana atatukumbuka vizuri. Wote tulielewa maana ya kukumbukwa.

Jumamosi jioni pale Shipton's hakula. Alisukuma sahani ya ugali na supu akasema amezoea kula kidogo usiku. Mimi ndiye niliyempelekea maji ya moto, na ndiye niliyemwona akihangaika na kamba za viatu. Alijaribu kuzifunga mara nne. Alizitazama kama mtu anayesoma lugha asiyoijua, kisha akaniambia, "Kijana, hebu nisaidie, vidole vimeganda." Ndani ya banda hakukuwa na baridi ya kugandisha vidole. Nilijua. Nilizifunga nikanyamaza.

Saa nane usiku Mjomba alimtazama akamwambia, "Mkubwa, hebu tembea hapa kidogo." Alikuwa amechora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. Unatembea kisigino kikigusa kidole, hatua kumi. Ni kipimo cha mlevi, na ubongo uliokosa hewa hutembea kilevi. Yule mkubwa alitoka nje ya mstari hatua ya tatu. Akacheka. Wafanyakazi wake nao wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mjomba akasema, "Leo wewe pumzika hapa na huyu kijana, wengine twende." Mcheko ukaisha. "Mzee," akasema, "nimelipa pesa nyingi. Nimetoka Nairobi. Sijaja kulinda kambi."

Mjomba alinyamaza. Namjua yule mzee, si mwoga. Lakini alikuwa na karo ya watoto wawili, na mara mbili mwaka huo kampuni ilikuwa imemwambia kwamba wateja wake wanalalamika "anawakatisha tamaa". Akanitazama. Pengine kama ningesema, "Anko, hata kamba za viatu zimemshinda," mambo yangekwenda vingine. Watu wawili ni ushahidi, mtu mmoja ni maoni tu. Nilitazama chini.

Tukapanda.

Karibu na Harris Tarn, kile kiziwa kidogo chini ya Lenana upande wa kaskazini, mkubwa aliketi kwenye jiwe akaanza kuvua glavu. Kisha koti. Alisema anasikia joto. Kulikuwa na upepo ambao ulikuwa umegandisha maji kwenye chupa zetu. Alipoambiwa asimame hakujua jina la msichana aliyekuwa mbele yake, ambaye amemfanyia kazi miaka miwili. Sasa hakukuwa na mjadala tena. Tulimshusha kwa zamu, mmoja anambeba mgongoni, mwingine anashika mguu usigonge mawe, gizani, kwenye changarawe inayotiririka chini ya kiatu. Tulifika Shipton's jua linachomoza, hatukusimama. Tuliendelea kushuka bondeni hadi Old Moses, ambako gari lilikuwa linatungoja. Alipona. Kila mita tuliyoshuka ilimrudishia kipande cha akili yake, na alipofika kwenye gari alikuwa na nguvu za kutosha kukasirika.

Hatukukumbukwa. Wiki mbili baadaye kampuni ikampigia Mjomba simu kumwambia kwamba mteja amelalamika: amelipa na hakufikishwa kileleni. Hawakumpa kazi tena msimu huo. Sasa analima viazi, na ukimuuliza anasema viazi vinasikia ukiviambia.

Nilifikiria kisa hicho kwa muda mrefu nikijilaumu peke yangu, mpaka nilipopata kibarua cha kuchekesha. Siku hizi naandika kwa kulipwa kwa hesabu ya maneno, chochote anachotaka mwenye pesa. Duka moja la ng'ambo lilitaka makala kuhusu ski. Mimi, ambaye theluji niliyoikanyaga ni ile ya kubomoka kama chumvi pale juu! Nilisoma usiku kucha ili nisiaibike, na humo nikakutana na wenzetu.

Kule Colorado, Kanada na kwenye milima ya Alps kuna waongozaji ambao kazi yao ni kuwapeleka wateja kuteleza kwenye theluji isiyoguswa, mbali na vituo vyenye lifti na walinzi. Wanachoogopa zaidi ni mporomoko: mteremko mzima wa theluji unaachia na kushuka na watu. Na mara nyingi, mporomoko unaoua huanzishwa na aliyekufa mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alichambua ajali 715 za aina hiyo zilizotokea nchini humo kati ya 1972 na 2003. Alikuta kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi, na kwamba hata watu waliosomea usalama wa theluji walinaswa. Kilichowanasa kilikuwa njia za mkato ambazo akili ya binadamu hupenda. Nilizisoma nikamwona mkubwa wetu, nikamwona Mjomba, nikajiona.

Mtego mmoja ni mazoea: mahali hapa tumepita mara mia, hakuna kitu. Mwingine ni safari iliyokwisha anza: tumetoka mbali, hatuwezi kurudi sasa. Kuna kutaka kukubalika: wenzangu wataniona vipi? Kuna kumwachia mtaalamu: kiongozi yupo, kama kuna shida angesema. Kuna kufuata umati: wale wengine si wamepita? Na kuna uchache: likizo ni hii tu, nafasi ni hii tu.

Hebu viweke hivyo vyote ndani ya banda la Shipton's saa nane usiku, halafu ongeza bosi ambaye ndiye anayeandika ripoti yako ya kazi. Wafanyakazi watano waliona mtu akipepesuka na wote wakacheka. Hawakuwa wajinga. Ofisini wamefunzwa kwamba mkubwa akisema yuko sawa, yuko sawa.

Waongozaji wa theluji wanasema jambo jingine ambalo sijaweza kulisahau: mlima ni mwalimu mbaya. Unaweza kuvuka mteremko wa hatari mara ishirini usiachie, na kila mara unarudi nyumbani ukiamini ulichagua vizuri. Ni kama mwalimu anayempa alama nzuri mwanafunzi aliyeiba mtihani. Kampuni zetu za wikendi zimepata alama nzuri miaka mingi. "Tumepeleka mamia, hakuna aliyekufa," wanasema. Sawa. Wangapi walishuka wakitapika, wangapi walibebwa, wangapi walipona kwa sababu upepo ulibadilika au jua lilitoka mapema? Hayo hayaingii kwenye tangazo.

Usifikiri ujuzi peke yake unatuokoa. Mei 1996, Rob Hall wa New Zealand, mmoja wa waongozaji walioheshimika sana duniani, alikuwa Everest na kundi lake. Saa za kugeuka zilijulikana: mchana ukifika muda fulani, unarudi, popote ulipo. Mteja wake Doug Hansen alikuwa amerudishwa mwaka uliotangulia akiwa karibu kufika. Safari hii muda ulipita sana na Hall akamngoja wafike. Wote wawili walikufa kule juu, pamoja na wengine sita waliokufa kwenye dhoruba hiyo. Mimi simwoni Hall kama mtu mzembe. Namwona mtu aliyeshindwa kumwambia mteja wake hapana mara ya pili. Namwelewa kuliko ninavyotaka.

Na tuna cha kwetu. Mei 2024 tulimlilia Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyetaka kufika kilele cha Everest bila oksijeni ya mtungi. Taarifa zilizotoka wakati huo zilisema mwongozaji wake, Nawang Sherpa, aliwasiliana kwa redio kwamba Kirui ameanza kuonyesha tabia isiyo ya kawaida, kwamba amekataa kurudi na amekataa oksijeni. Mwili wa Kirui ulipatikana karibu na kilele. Nawang hakurudi.

Simlaumu Kirui, na sitamruhusu mtu anitumie kumlaumu. Mtu aliye kimo kile bila hewa hana tena ule uamuzi tunaotaka kumlaumu nao. Ninachouliza ni kwa nini sisi, tuliojaza mitandao kwa jina la mmoja, hatukujifunza kulitamka la mwenzake. Nawang alikuwa na mtu aliyekataa kumsikiza. Hakumwacha. Swali la Cucu aliulizwa yeye pale juu.

Sasa najua mtakachoniambia. Kwanza: mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake. Ana haki, nakubali kabisa. Lakini haki hiyo aitumie akiwa na ubongo wake wote, yaani chini, getini, kabla ya safari. Mlevi akisema anaweza kuendesha gari hatumpi funguo kwa heshima ya uhuru wake. Isitoshe, pale juu hakuna maisha ya mtu mmoja. Akianguka yeye, kuna kijana wa Naro Moru mwenye viatu vya mtumba ambaye atambeba kwenye changarawe gizani. Huyo kijana haki yake iko wapi?

Pili mtasema: unataka kuwafungia Wakenya mlima wao. Sivyo. Ninapenda sana kuona vijana wa Nairobi na Mombasa wakipanda. Tangu Kisoi Munyao apandishe bendera pale Lenana Desemba 1963, kilele kile ni chetu sote, na kwa miaka mingi ni wageni waliokifurahia wakati sisi tunabeba mabegi yao. Pandeni. Ongezeni siku moja ya kulala njiani, mbili kama mna uwezo. Bei itapanda, ndiyo. Sasa hivi tofauti hiyo ya bei inalipwa na mpagazi.

Tatu, na hili husemwa na wahubiri na wakufunzi wa ofisini: wanaorudi nyuma hawafiki popote, usikate tamaa, vuka mlima wako. Hili linaniuma mahali pengine. Mimi niligeuka njiani. Kijijini bado kuna watu wananiuliza nitamaliza lini chuo, kwa ile sauti. Najua inavyokuwa kushuka huku watu wanakutazama, na najua ndiyo sababu yule mkubwa alipendelea kufa kidogo kuliko kushuka mbele ya wafanyakazi wake. Tumeifanya aibu ya kurudi kuwa nzito kuliko hofu ya kifo, halafu tunashangaa watu wakichagua vibaya.

Ninachodai si kingi. Malipo ya mwongozaji na wapagazi yawe yaleyale, kundi lifike lisifike, na tipu ikusanywe ofisini kabla ya safari badala ya kuning'inizwa kileleni kama karoti ya punda. Saa ya kugeuka na masharti ya kushuka yaandikwe na kutiwa sahihi getini, kila mteja akiwa na akili zake. Atakayeshindwa kutembea kwenye mstari anashuka, na hakuna kujadiliana. Na sauti ya mtu yeyote kwenye kundi, hata mpagazi wa miaka ishirini, iweze kusimamisha safari. Kama sheria hiyo ingekuwepo usiku ule, ningefungua mdomo. Au labda nisingefungua, lakini angalau nisingekuwa na kisingizio.

Wewe unayepanga kupanda Desemba, usiulize kampuni kwanza kama picnic imo kwenye bei, au kama kuna mtu wa kupiga picha kwa droni. Piga simu uulize hivi: nikirudishwa kabla ya Lenana, mtu aliyenirudisha atalipwa pesa zake zote? Na mwezi ujao atakuwa bado ana kazi? Wakianza kuzunguka, kata simu. Tafuta wengine.